Sura ya 6: Saa Ambazo Watoto Hawapo

Nchini Marekani, anayefanyia biashara nyumbani huruhusiwa kutoa sehemu ya gharama za nyumba kwenye mapato yake kabla ya kukokotoa kodi. Sharti kuu ni kwamba sehemu anayoidai iwe ya biashara peke yake. Ofisi inayogeuka chumba cha wageni wikiendi haikubaliki.

Mlezi wa watoto amesamehewa sharti hilo. Sebule iliyojaa watoto mchana, na familia jioni, inahesabika, mradi inatumika kwa kazi mara kwa mara na mlezi ana leseni au usajili wa jimbo lake, ameshauomba, au sheria haimtaki awe nao. Lakini kwa kuwa nyumba inatumiwa na pande mbili, hesabu hufanywa kwa eneo na kwa muda.

Tuchukue nyumba ya kupanga yenye futi za mraba 1,500. Sebule, jiko, choo na chumba wanacholala watoto mchana ni futi 1,200. Chumba cha mlezi mwenyewe hakiguswi. Eneo la kazi, basi, ni asilimia 80.

Muda hupimwa kwa saa za mwaka mzima, yaani 8,760, usiku ukiwemo. Watoto wanafika saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni: saa 10 kwa siku, siku 250, jumla 2,500. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapojipunja. Saa kumi na mbili asubuhi mlezi alikuwa ameshainjika uji wa watoto. Jioni, mzazi wa mwisho akishaondoka, anapiga deki, anaosha midoli na kuandika mahudhurio hadi saa kumi na mbili. Saa hizo mbili ni za kazi pia. Kupika chakula cha familia yake hakumo, wala saa moja haihesabiwi mara mbili kwa sababu alifagia watoto wakiwepo.

Jumla mpya ni saa 3,000, sawa na asilimia 34.25 ya mwaka. Zidisha kwa asilimia 80, upate 27.4. Kama kodi ya pango, umeme, maji na bima vimegharimu dola 24,000, anatoa takriban dola 6,575. Angehesabu saa za watoto tu, angetoa 5,479. Tofauti ni karibu dola 1,096, na ushahidi wake ni daftari lenye tarehe, saa na kazi iliyofanyika.

Ipo njia ya mkato: dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300. Inavutia kwa wepesi wake, ila mlezi huyu hapati dola 1,500 kamili, kwa kuwa kiwango nacho hupunguzwa kwa asilimia ya muda. Anabaki na kama dola 513.

Njia ndefu hujazwa kwenye Fomu 8829 ya mamlaka ya kodi, IRS. Makato haya hayawezi kuzidi faida ya biashara. Lakini kwa njia hii kinachobaki huhamishiwa mwaka unaofuata. Kwenye njia ya mkato, kilichobaki kimepotea. Kwa hiyo hata mwaka ambao watoto walikuwa wachache na faida kiduchu, saa ziandikwe.