Hamira si poda: Funzo la tafsiri kutoka kwa keki ya matofaa

Majuzi shemeji yangu anayeishi Embu alinipigia simu akiniomba nimtafsirie mapishi ya keki ya matofaa yenye viungo. Yeye na akina mama wenzake wana chama cha kuoka na kuuza keki, na baadhi ya wanachama hawasomi Kiingereza kwa wepesi. Kazi ilionekana ndogo mno. Nimefundisha tafsiri chuoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Niliketi hapa kwangu Meru, nikaimaliza kabla chai haijapoa, nikaituma kwa simu.

Jumamosi jioni simu ililia.

“Shemeji, keki yako imekataa kufura! Zote tatu zimekaa kama chapati nono. Mayai tisa yameenda hivyo tu, na kesho watu wa kanisa wanangoja.”

Nikamuuliza alitia nini cha kuumulia unga.

“Si hamira, vile uliandika!”

Hapo nikatambua kuwa kosa halikuwa la mpishi. Lilikuwa langu. Nilipofika mahali palipotaja poda ya kuokea, ile ambayo dukani huitwa beking pauda, kalamu yangu iliandika ‘hamira’. Nilitafuta neno, sikutafuta kitu. Nilimtumia pesa za mayai usiku huohuo, lakini deni la lugha ningali nalo, na ndilo ninalolilipa katika makala haya.

Hamira ni nini hasa? Ni viumbe hai vidogo mno wa jamii ya kuvu. Hula sukari iliyo kwenye unga na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, nayo hewa hiyo huinua donge. Kazi hiyo huchukua saa nzima au zaidi. Ndiyo maana mpishi wa mahamri hukanda, akafunika, kisha akangoja. Jina ‘mahamri’ lenyewe lina asili moja na hamira, yaani neno la Kiarabu lenye maana ya chachu.

Keki haina subira hiyo. Rojo lake huingia motoni mara tu linapochanganywa. Linahitaji poda ya kuokea, ambayo ni mchanganyiko wa magadi ya kuokea, asidi kavu na wanga. Poda hii ikilowa huanza kutoa hewa papo hapo, na joto hukamilisha kazi. Mwenye kutia hamira katika rojo la keki na kulipeleka motoni moja kwa moja huwaua wale viumbe kabla hawajapata nafasi ya kufanya lolote.

Kuna na neno la tatu, magadi. Huku kwetu Meru na Embu, ukitaja magadi mtu hufikiria yale ya kulainishia githeri, ambayo hutoka maeneo kama Ziwa Magadi kule Kajiado. Hayo ni makali, na yakitiwa kwenye keki huipa ladha ya sabuni. Magadi ya kuokea ni mengine. Tena hayo hayafanyi kazi vyema peke yake; hutaka kitu kichachu, kwa mfano maziwa lala. Kwa hivyo mfasiri anayeandika ‘magadi’ bila kufafanua ni yapi, naye atapigiwa simu Jumamosi jioni.

Tatizo si kwamba Kiswahili hakina maneno ya jikoni. Kinayo, tena kwa wingi, ila yamesambaa na maana zake hubadilika ukihama mahali. Tazama kitenzi ‘chunga’. Pwani, kuchunga unga ni kuupitisha kwenye chungio ili kuondoa madonge. Kwa msomaji wa Timau au Kibirichia, kinachochungwa ni ng’ombe! Hizi ni homonimu, na katika mapishi yanayosomwa huku bara ni heri kuandika ‘chekecha’.

Au tazama kauli ya shemeji kwamba keki ilikataa ‘kufura’. Wengi wetu hulitumia neno hilo, nami sitamkosoa. Hata hivyo, kufura ni kuvimba kwa jumla, hata kwa mguu uliotegukia mtaroni au mtu aliyejaa hasira. Kwa unga, lugha ina kitenzi chake mahususi: unaumua unga, nao unaumuka. Ni hazina tunayoiacha ikipata kutu.

‘Tofaa’ nalo lina mtego. Asili yake ni Kiarabu, na shuleni tunalifunza kama jina la tunda lile la nchi za baridi ambalo sokoni Gakoromone watu huliita epo tu. Lakini Unguja ukiomba tufaa unaweza kupewa tunda jekundu lenye umbo la peasi, jeupe ndani, laini na lililojaa maji. Ni tunda tamu, ila ukilioka utapata rojo lisiloshika. Anayewaandikia wasomaji wa pande zote hana budi kueleza ni tofaa lipi.

Kwa upande wa viungo, lugha imetutendea wema. ‘Kiungo’ kimetokana na kuunga, nacho huunganisha ladha kama vile kiungo cha mwili kinavyounganisha mifupa. Mdalasini ulitufikia kutoka Kiajemi ukipitia Kiarabu, ukiwa na maana ya mti wa Uchina. Mtafsiri hana la kubuni hapo.

Sasa haya ndiyo mapishi niliyoyaandika upya. Pasha tanuri moto hadi nyuzi 180 za selisiasi. Chekecha vikombe 2 vya unga wa ngano usiotiwa poda kiwandani, pamoja na vijiko 2 vya chai vya poda ya kuokea, kijiko 1 cha chai cha mdalasini wa unga, nusu kijiko cha iliki, nusu ya tangawizi na chumvi kidogo. Katika bakuli jingine piga mayai 3 na kikombe 1 cha sukari, kisha utie nusu kikombe cha mafuta ya kupikia na robo kikombe cha maziwa. Changanya vyote, lakini usikoroge sana, la sivyo keki itakuwa ngumu. Menya matofaa 2 makubwa, uyakatekate vipande vidogo na uyatie. Mimina kwenye chombo kilichopakwa siagi na uoke kwa takriban dakika 45. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka bila rojo, imeiva.

Nimeandika ‘kijiko cha chai’ kwa makusudi. Kijiko kikubwa cha mezani huchukua mara tatu yake, na neno ‘kijiko’ likiachwa peke yake laweza kuharibu kila kitu.

Asiye na tanuri atie mchanga mkavu katika sufuria kubwa, aupashe moto, aweke chombo cha keki juu yake, afunike na kutumia moto mdogo wa makaa. Aweke pia makaa machache juu ya kifuniko. Hivyo ndivyo akina mama wa pwani walivyopika mkate wa mayai, moto chini na moto juu. Itachukua muda zaidi, pengine saa nzima.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na kuwa lugha ya taifa. Urasmi huo hautatimia kwa hotuba za majukwaani ikiwa mama wa Embu hawezi kuoka keki kwa maagizo ya Kiswahili. Wanaotayarisha vitabu na kamusi waende jikoni na daftari, wawasikilize wapishi, kisha ndipo waandike. Nami, kabla ya kutuma mapishi haya mapya, niliyapika mwenyewe. Ya kwanza iliungua upande mmoja. Ya pili iliumuka.