Siku ya Sita

Ratiba ya mgonjwa wa saratani ya koo anayetibiwa kwa mionzi inafanana katika nchi nyingi: Jumatatu hadi Ijumaa, dozi moja kwa siku, wiki saba, jumla ya dozi 35. Jumamosi na Jumapili mashine inazimwa. Ukimuuliza daktari kwa nini siku tano na si sita, naye akakujibu bila kuzunguka, atakuambia kwamba hiyo ndiyo wiki ya kazi ya watumishi. Uvimbe wenyewe hauna wikendi. Kwa miongo mingi jambo hilo lilionekana la kiutawala tu, hadi madaktari wa Denmark walipoamua kulipima.

Saratani zinazoitwa za kichwa na shingo ni zile za mdomo, ulimi, tonsili, koromeo na zoloto, yaani kisanduku cha sauti unachokigusa mbele ya shingo. (Ubongo haumo, ingawa jina linapotosha.) Nyingi huanzia kwenye utando mwembamba unaofunika njia hizo kwa ndani. Visababishi vikuu vinajulikana: tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pombe na, kwa saratani ya tonsili na shina la ulimi, virusi vya HPV. Upasuaji unaweza kuziondoa, lakini katika eneo hili kila sentimita ina kazi. Ukitoa zoloto umetoa sauti. Ukitoa nusu ya ulimi, mgonjwa ataanza kujifunza upya kumeza na kutamka. Mionzi ilipata heshima yake hapa kwa sababu inaweza kuua uvimbe na kukiacha kiungo mahali pake.

Tatizo ni kwamba mionzi haichagui. Inapopita mwilini hung'oa elektroni, na elektroni hizo hukata nyuzi za DNA ndani ya seli, iwe ya saratani au ya ngozi. Baada ya Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895, baadhi ya walioitumia walidhani dozi moja kubwa ndiyo dawa. Uvimbe uliyeyuka kweli, na nyama iliyouzunguka ikaoza nao.

Aliyeonyesha njia nyingine ni Claudius Regaud, mtafiti wa Taasisi ya Radiumu ya Paris, na alitumia kondoo dume. Hoja yake ilikuwa ya ajabu kidogo. Korodani hutengeneza mbegu bila kukoma, kwa hiyo seli zake hugawanyika kwa kasi kama za saratani, na ngozi inayozifunika inaweza kusimama badala ya mwili wenye afya. Je, mionzi inaweza kumfanya kondoo huyu kuwa tasa bila kuiunguza ngozi? Kwa dozi moja, haikuwezekana. Dozi ilipogawanywa kwa siku kadhaa, kondoo akawa tasa na ngozi ikabaki. Mwenzake Henri Coutard aliupeleka ugunduzi huo kwa wagonjwa wa saratani ya koromeo na zoloto, na mwaka 1922 matokeo yake yakawasilishwa Paris mbele ya madaktari: watu waliopona bila upasuaji na bila majeraha ya kutisha.

Sababu yake tunaifahamu leo. Seli yenye afya hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu katika DNA yake ndani ya saa chache, kiasi kwamba wanaotoa dozi mbili kwa siku moja huacha angalau saa sita katikati. Seli ya saratani hufanya kazi hiyo kwa uzembe. Dozi ndogo ndogo hulikuza pengo hilo kila siku, mpaka jumla ifike karibu grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kiasi ambacho kikitolewa kwa mkupuo mmoja hakuna shingo inayoweza kukihimili.

Hivyo basi, kugawa dozi ni ushindi. Lakini kila ukigawa, unarefusha muda, na muda una mambo yake.

Tumfuate mgonjwa hadi chumba cha mionzi. Siku ya kupimwa, kipande cha plastiki yenye matundu kilizamishwa kwenye maji ya moto mpaka kikalegea, kikatandazwa juu ya uso na shingo yake kikiwa bado na joto, kikakaza ndani ya dakika chache. Kimekuwa kinyago chenye umbo la pua na kidevu chake yeye, si cha mwingine yeyote. Kila siku hulazwa chali, kinyago kikabanwa kwenye kitanda ili kichwa kisisogee hata milimita chache, watumishi wakatoka, mlango mzito ukafungwa. Anaachwa peke yake na mlio wa mashine huku wakimtazama kwa kamera. Haumwi, hasikii joto. Baada ya robo saa hivi anaondoka, usoni akiwa na alama za vitundu vya kinyago.

Wiki mbili za kwanza wengi hujiuliza mbona mambo ni mepesi. Wiki ya tatu jibu linafika. Utando wa kinywa unakuwa mwekundu, kisha unavaa ukoko mweupe, mate yanakuwa mazito kama ute, chumvi na sukari vinakosa tofauti. Uji unapita kwa shida. Wengine huhitaji mofini ya maji na mpira wa kulishia puani. Hapo ndipo mgonjwa anapomwomba daktari: nipumzike kidogo, wiki moja tu.

Ombi hilo lina ubinadamu wote, na zamani lilikubaliwa hata kabla ya kuombwa. Hospitali nyingi zilikuwa na desturi ya kusimamisha tiba katikati kwa wiki mbili au tatu ili kinywa kipone, kisha kuendelea na dozi zilizobaki. Jumla ya mionzi ilikuwa ileile, kwa hiyo hakuna aliyeona hasara. Wadenmark walipolinganisha wagonjwa wa saratani ya zoloto waliopewa mapumziko na wasiopewa, waligundua kwamba waliopumzishwa walishindwa na saratani mara nyingi zaidi.

Mwaka 1988, mtafiti Rodney Withers na wenzake walikusanya matokeo yaliyokwisha kuchapishwa na hospitali mbalimbali, wakauliza swali moja: mionzi kiasi gani inahitajika kuua uvimbe, kulingana na muda wa tiba? Waliona kwamba kwa takriban wiki nne za mwanzo muda haukuwa na uzito mkubwa. Baada ya hapo, kila siku iliyoongezeka ilidai takriban grei 0.6 za ziada ili kupata matokeo yaleyale. Dozi ya kawaida ya siku ni grei 2, maana yake karibu theluthi ya dozi ya kila siku inaliwa na uvimbe unaojikuza upya. Mkulima anayepalilia nusu shamba kisha akakaa wakati mvua inanyesha anajua magugu yaliyobaki hurudi kwa kasi gani, maana sasa yana nafasi na jua.

Jambo linaloniumiza kichwa kila ninapolifikiria ni kwamba utando wa kinywa nao hufanya hivyohivyo. Ukijeruhiwa kwa wiki mbili tatu, seli zake hubadili mwendo na kuanza kugawanyika haraka, na ndiyo sababu mgonjwa hupona hatimaye. Saratani hizi zimetoka kwenye utando huohuo na inaelekea zimerithi tabia yake. Kwa hiyo wiki ambayo mgonjwa yuko taabani kuliko zote, akiomba apumzike, ndiyo wiki ambayo uvimbe umeamka.

Waingereza walilijaribu wazo hilo kwa namna ya kupita kiasi. Katika jaribio la CHART, lililochapishwa mwaka 1997, wagonjwa 918 wa saratani hizi waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipata tiba ya kawaida ya wiki sita na nusu, grei 66. Wengine walipigwa mionzi mara tatu kwa siku, siku 12 mfululizo, Jumapili ikiwamo, jumla grei 54 tu. Kudhibiti saratani kulikuwa karibu sawa. Grei 12 zilipunguzwa na hakuna kilichopotea, kwa sababu tiba ilimalizika kabla uvimbe haujapata nafasi ya kujikuza. Lakini ni hospitali gani inayoweza kuwahudumia wagonjwa wote usiku na mchana, wiki nzima?

Kundi la Denmark, DAHANCA, likiongozwa na Jens Overgaard, lilichagua kitu ambacho hospitali ya kawaida inaweza kukifanya: dozi zilezile, idadi ileile, ila sita kwa wiki badala ya tano. Ya sita ilitolewa Jumamosi au mchana wa siku moja ya kazi, saa sita baada ya ile ya asubuhi. Wiki saba zikawa sita. Kati ya 1992 na 1999 waliingiza wagonjwa 1485. Baada ya miaka mitano, saratani ilikuwa imedhibitiwa mdomoni, kooni na shingoni kwa asilimia 70 ya waliotibiwa siku sita, dhidi ya asilimia 60 ya wale wa siku tano. Waliokuwa na saratani ya zoloto walibaki na sauti zao zaidi, asilimia 80 kwa 68. Gharama ilikuwa vidonda: utando kuchunika kwa mabaka yaliyoungana kulitokea kwa asilimia 53 dhidi ya 33, ingawa vilipona. Idadi ya waliokuwa hai kwa jumla haikutofautiana, jambo ambalo wapenzi wa siku ya sita hulitaja kwa sauti ya chini. Wavutaji wa muda mrefu hufa pia kwa moyo na mapafu.

Je, hili ni jambo la nchi tajiri? Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilirudia jaribio hilo katika vituo tisa vya Asia, Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na Amerika Kusini, kwa wagonjwa zaidi ya 900. Katika matokeo ya mwaka 2010, saratani ilidhibitiwa kwa asilimia 42 ya waliotibiwa siku sita, dhidi ya asilimia 30 ya wale wa siku tano. Namba zote mbili ziko chini kuliko za Denmark, kwa kuwa wagonjwa wengi walifika na uvimbe mkubwa, lakini tofauti kati yake haikupungua. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa wala dawa mpya iliyotumika.

Dawa nazo zina sehemu yake. Cisplatin ikitolewa pamoja na mionzi huongeza uhai, na utafiti wa Marekani uliolinganisha wiki sita na wiki saba kwa wagonjwa waliopewa dawa hiyo haukuona faida ya kuharakisha. Siku ya sita basi inawafaa hasa wale ambao figo zao, umri wao au mfuko wa hospitali yao haviruhusu cisplatin.

Huku kwetu swali la muda mara nyingi huamuliwa na vitu vingine. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliyokuwa tegemeo la Uganda nzima, iliharibika kabisa, na mpya haikuzinduliwa hadi mwanzoni mwa 2018. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Hata ikiwa nzima, kobalti hupungua nguvu kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, hivyo kila dozi huchukua dakika nyingi zaidi na foleni hurefuka. Mwongozo wa madaktari wa mionzi wa Uingereza unataka tiba ya saratani hizi isichelewe zaidi ya siku mbili, na siku iliyopotea ifidiwe kwa Jumamosi au kwa dozi mbili za siku moja. Kwa anayesafiri kutoka mkoani hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nauli na pa kulala vinaweza kumaliza siku hizo mbili kabla hajavaa kinyago.

Ndiyo maana jaribio lingine la Shirika la Nguvu za Atomiki, HYPNO, linafuatiliwa kwa makini. Safari hii siku ya sita ndiyo iliyokuwa kipimo cha kulinganishia: dozi 33 za grei 2, sita kwa wiki, dhidi ya dozi 20 za grei 2.75 ndani ya wiki nne. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba ratiba fupi haikuwa duni. Dozi kubwa zina deni lake, ambalo huonekana kwa kuchelewa katika taya na katika kumeza, kwa hiyo wagonjwa hao wanahitaji kuangaliwa kwa miaka. Lakini hesabu ya foleni iko wazi: nafasi 100 za mashine, zilizokuwa zikitosha wagonjwa watatu, sasa zinatosha watano.