Sura ya Tisa: Mlango wa Vioo wa Veranda

Mtu akifika kwa mafundi wa kuchomelea pale Daraja Mbili mjini Kisii, au kwa wenzao wa Keroka na Nyamira, huuliza jambo moja tu: mlango wa vioo wa mabawa mawili ni pesa ngapi? Fundi huuliza upana na urefu, anazidisha, anataja bei yake ya futi mraba, na mteja anarudi nyumbani akiamini bajeti imekamilika. Haijafika hata nusu. Fundi amepiga hesabu ya chuma na kioo. Ukuta utakaobomolewa, linta, kizingiti, paa la veranda na njia ya maji havimo. Katika nyumba ambayo tayari inakaliwa, hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Ndiyo maana nashauri upange bajeti ya uwazi mzima wa ukutani, na mlango uwe fungu mojawapo ndani yake.

Milango hii, ambayo wachoraji wa ramani huiita milango ya Kifaransa, ina mabawa mawili yanayofungukia katikati na vioo vinavyoshuka hadi karibu na sakafu. Umbo la ardhi yetu linaipendelea. Shamba la kawaida katika eneo hili la Gusii ni ukanda mwembamba unaoanzia mgongoni mwa kilima, karibu na barabara, ukateremka hadi kijitoni. Nyumba iko juu. Chini yake kuna migomba, majani chai na mikaratusi. Kwa miaka mingi sebule zilitazama barabara na kuligeuzia bonde kisogo. Sasa watoto walioko Nairobi, au Minnesota ambako jamii ya Wakisii ni kubwa, wanatuma picha kwa simu: Baba, tufungue ukuta wa upande wa bondeni, tuweke mlango kama huu.

Ombi ni zuri, lakini picha hiyo isomwe kwa makini. Mlango wa Minnesota umetengenezwa kwa ajili ya theluji. Una vioo viwili vyenye nafasi ya hewa au gesi katikati, na sehemu kubwa ya bei yake inalipia kuzuia baridi kali. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Usiku tunajifunika, ndiyo, lakini kioo kimoja na pazia zito vinatosha. Kinachotusumbua sisi ni maji. Mvua yetu hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao mtu anaweza kuapa kwamba haitanyesha. Pesa ambayo ungeweka kwenye kioo cha pili, iweke kwenye paa na kizingiti.

Kabla ya kuchagua chuma au mbao, litazame dirisha la sebule lililopo. Uamuzi mmoja hapa hupunguza gharama kuliko kupatana bei na mafundi kumi. Ukifuata upana wa dirisha hilo, linta inayobeba ukuta wa juu unaiacha mahali pake. Unatoa fremu ya dirisha na kukata ukuta wa chini yake hadi sakafuni. Ukuta huo wa chini haubebi linta wala paa, kwa hiyo kazi ni ya kupasua, kuondoa matofali na kupiga plasta pembeni. Dirisha la futi tano linakupa mlango wa futi tano, nao unatosha kupitisha kochi na watu wawili wanaopishana.

Ukitaka kupanua, hesabu inabadilika mara moja. Tuseme unataka futi 6 kwa 7. Linta mpya lazima ilale juu ya ukuta angalau sentimita 20 kila upande, kwa hiyo urefu wake unafika mita 2.2 hivi. Ikiwa na unene wa sentimita 20 kwa 20, itameza kama nusu mfuko wa saruji, na pisi moja ya nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, itatoa vipande vyote vinne vya ndani. Vifaa, basi, ni vya bei nafuu. Ila linta hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na wakati inakauka kuna matofali, na pengine mguu wa kenchi, vinavyoning'inia juu ya shimo. Utalipia mbao na nguzo za kuegemeza, fundi mwashi mwenye uzoefu, na wiki mbili hivi za kusubiri kabla nguzo hazijaondolewa. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, saruji ikapakwa nje tu. Ukuta wa aina hiyo hujulikana ukianza kuguswa. Fundi mmoja wa Keroka alimweleza mteja wake vizuri nikisikia: "Mwalimu, mlango nitakuletea baada ya wiki moja. Lakini huo ukuta, mimi sijui una nini ndani."

Kwa sababu hiyo, akiba ya dharura haigawanywi sawasawa. Kwenye mlango asilimia tano zinatosha, kwa kuwa chuma kinapimika. Kwenye ukuta wa zamani mimi huweka asilimia ishirini.

Kuhusu vifaa, chuma ndicho chaguo la wengi huku, nami naunga mkono. Mafundi wako karibu, na kitu kikivunjika kinarekebishwa siku hiyo hiyo. Alumini haishiki kutu, na mlango wa kuteleza huokoa nafasi penye veranda nyembamba, lakini reli yake ya chini hujaa matope na itahitaji kufagiliwa maisha yake yote. Mbao hupendeza kuliko zote. Mvule hutoka Kongo na Uganda na bei yake inalingana na safari hiyo. Mikaratusi ya nyumbani, isipokaushwa ipasavyo, hujipinda hadi mabawa yakakataa kukutana. Tangu marufuku ya serikali ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyodumu kuanzia Februari 2018 hadi 2023, sishauri mtu ategemee bei ya mbao aliyoisikia mwaka uliopita.

Kwenye chuma, uliza geji. Kadiri namba inavyopanda ndivyo bati la paipu linavyokuwa jembamba, kwa hiyo geji 16 ni nene kuliko geji 18, na geji 20 ni nyembamba zaidi. Mlango wa vioo ni mzito. Uwazi wa futi 6 kwa 7 una kioo cha karibu mita za mraba 2.9, na kila milimita moja ya unene huongeza kilo 2.5 kwa mita mraba. Kioo cha milimita 4 kitakuwa kilo 29 hivi, cha milimita 6 kilo 44. Bawa la paipu nyembamba likibebeshwa mzigo huo kwa bawaba mbili huanza kuinama upande wa kufuli, na baada ya muda utalazimika kuliinua kwa mguu ili lifunge. Lipia geji 16 kwenye fremu na bawaba tatu kila bawa.

Vioo vyenyewe, mwambie fundi agawe bawa katika vyumba vidogo kwa vyuma vyembamba. Mvua ya mawe, ambayo wakulima wa chai wa Nyamira wanaijua kwa uchungu, ikipasua kioo, unanunua kipande kimoja tu. Chumba cha chini kabisa, mahali watoto wanaangukia, ndicho pekee ninachosisitiza kiwekwe kioo kilichokaziwa kwa joto, kile ambacho kikivunjika kinamwagika vipande vidogo butu. Kumbuka kwamba kioo hicho hakikatwi tena kikishakaziwa. Huagizwa kwa kipimo kamili, baada ya fremu kuchomelewa na kupimwa, na kikikosewa milimita kumi umenunua takataka.

Sasa inama, utazame chuma cha chini cha mlango wowote wa veranda uliokaa miaka kadhaa. Rangi ya nje inaweza kuwa bado inang'aa, lakini ukibonyeza kwa bisibisi karibu na pembe, chuma kinaingia ndani. Kutu ilianzia ndani ya paipu. Maji huteremka juu ya kioo, hupenya puti iliyopasuka, hujaa kwenye paipu ya chini na kukosa pa kutokea. Dawa yake haigharimu karibu chochote: pembe zichomelewe mzunguko mzima badala ya kudonolewa, matundu mawili ya kutolea maji yatobolewe upande wa chini, na rangi nyekundu ya kuzuia kutu ipakwe kila mahali kabla vioo havijaingia, hasa kwenye mikunjo ambayo puti itaifunika. Fundi akileta mlango ambao tayari una vioo na bado haujapakwa rangi hiyo, urudishe.

Nje ya mlango, veranda iwe chini ya sakafu ya sebule kwa sentimita 10 au 15, na iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje. Paa nalo lina hesabu nyepesi. Mvua inayosukumwa na upepo kwa mshazari wa nyuzi 45 hukingwa kwa kimo kinacholingana na urefu wa paa linalochomoza. Paa la sentimita 60 linakinga sentimita 60 za juu, na mita moja na nusu iliyobaki inalowa. Ili kukinga mlango wa futi 7 wote, paa lichomoze kama mita 2. Hapo umejenga veranda halisi, yenye nguzo, mabati na mfereji, na ndiyo sababu inafaa kuingia kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Tuweke namba. Bei ya siku utaipata kwa fundi wako. Mimi natumia shilingi 1,000 kwa futi mraba kwa kuwa hesabu yake ni rahisi. Futi 42 za mraba ni shilingi 42,000. Uliza kama bei hiyo ina vioo, kufuli, makomeo ya juu na ya chini ya bawa lisilofunguliwa kila siku, grili, usafirishaji, na kodi ya asilimia 16. Kama uwazi unapanuliwa na veranda haina paa, tenga kiasi kingine sawa na hicho kwa kazi ya nje ya mlango: 84,000. Ongeza akiba, shilingi 2,100 za mlango na 8,400 za ukuta. Jumla ni 94,500. Kama unafuata upana wa dirisha na paa lipo tayari, fungu la pili linaweza kushuka hadi robo yake.

Wakati nao una bei. Familia nyingi za wakulima wa chai hutegemea bonasi, ambayo kwa kawaida huingia kama mwezi Oktoba. Pesa zinafika mvua za vuli zikiwa zimepamba moto, na miezi mikavu kuliko mingine, Januari na Februari, inafika pamoja na karo. Usivunje ukuta Novemba kwa sababu pesa ziko mkononi. Oktoba nunua vyuma, ukiwa na fundi pale kwenye duka la vifaa, risiti iwe yako, na mlango utengenezwe, upakwe rangi, uhifadhiwe pakavu. Gharama ya mwashi ilipwe au iwekwe kando kabla ya Krismasi. Januari inapofika, kilichobaki ni kazi ya mikono ambayo tayari ina pesa zake.

Mafundi wengi huomba nusu ya malipo au zaidi mwanzoni, na ni haki yao ikiwa wao ndio wanaonunua chuma. Ukinunua mwenyewe, mlipe ufundi kwa hatua na ubakize sehemu ya kumi. Siku ya kukabidhiwa, funga mabawa yote mawili, chota ndoo mbili za maji, zimwage kutoka juu ya fremu, kisha ingieni ndani pamoja, mpapase kwa mkono kiungo cha katikati, pembe za chini na kizingiti. Palipolowa parekebishwe siku hiyo, na ile sehemu ya kumi itolewe pakiwa pakavu.