Ukinenepa bila sababu, angalia kwanza dawa unazotumia

Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunaheshimu sana mwili mnene. Nilisoma katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, na huko mtu mwenye mashavu alihesabiwa mzima. Hata hapa Bujumbura, mtu akinenepa ghafla hupongezwa kwamba biashara inamwendea vizuri.

Jirani yangu wa Buyenzi, mama mfanyabiashara wa mpakani, hakufurahia pongezi hizo. Aliniambia, "Mwalimu, ninakula kama zamani, lakini nguo hazinienei." Uso ulikuwa umemviringa, tumbo limetoka, mikono na miguu imebaki myembamba.

Daktari tuliyemwendea aliuliza kwanza anameza nini na anapaka nini. Mama akatoa vidonge visivyo na boksi, vya deksamethasoni, alivyonunua sokoni kwa ajili ya maumivu ya mgongo.

Dawa hiyo ina kazi yake hospitalini. Lakini ikimezwa ovyo kwa muda mrefu hunenepesha uso na tumbo, hupandisha shinikizo la damu na sukari, na hudhoofisha mifupa. Kinshasa wako wanaoimeza makusudi ili wanenepe, pamoja na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi nazo zina klobetasoli, dawa ya jamii hiyohiyo, ambayo hupenya hadi kwenye damu.

Ndugu msomaji, ukijitambua hapa, usiache vidonge hivyo ghafla. Mwili uliovizoea huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuacha mara moja kunaweza kuua. Daktari ndiye atakayepunguza kidogo kidogo.

Zipo sababu nyingine: mimba, sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya akina mama, kukosa usingizi, au tezi ya shingoni kufanya kazi polepole, ambapo mtu huchoka na kuhisi baridi. Lakini uzito ukipanda kwa siku chache, miguu ikavimba na pumzi ikakatika, hayo huenda ni maji yanayotokana na moyo au figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nanyi wenzetu mnaovuka mpaka na mizigo, vidonge hivi msivipange pamoja na sabuni na biskuti. Anayevinunua hajui anachokimeza.