Atakaye Nywele Ndefu, Aanze na Mkasi

Askari wengi wa kike, na wa kiume waliokaribia kustaafu, hutamani kuzifuga nywele zao zirefuke pasipo kuharibika. Shauri la kwanza wapewalo huwashangaza: kwamba yawapasa kuzikata. Shauri hilo ni la kweli, ila sababu yake mara nyingi haielezwi sawasawa.

Ifahamike kwanza kwamba mkasi hauoteshi nywele. Uhai wa unywele umo ndani ya ngozi, katika shina lake. Sehemu tuionayo nje imekwisha kufa, wala haina habari kwamba imekatwa. Unywele hukua kadiri ya sentimita moja, au zaidi kidogo, kwa mwezi. Huendelea hivyo kwa miaka 2 hadi 7, kisha hupumzika miezi michache na kung'oka, mwingine ukashika zamu. Kung'oka kwa nywele 50 hadi 100 kila siku si ugonjwa. Faida ya kukata ni kuondoa sehemu iliyochakaa, maana ncha iliyopasuka huzidi kupasuka na kukatika, na urefu uliopatikana shinani ukapotea nchani.

Basi, mkato wa kuanzia uwe upi? Kwa askari wa kike mwenye nywele za kipilipili zilizokuwa zikitiwa dawa ya kunyoosha, ulio bora ni kuikata sehemu yote yenye dawa, zikabaki nywele mpya za sentimita 3 hadi 5, sawa kichwa kizima. Mpaka uliopo kati ya nywele mpya na zenye dawa ndipo mahali dhaifu kuliko pote, na hapo ndipo zikatikapo. Asiye na moyo wa kuzikata zote kwa siku moja aweza kupunguza kidogo kidogo kila baada ya miezi 2 au 3.

Askari wa kiume, ambaye kanuni za majeshi mengi humngojesha mpaka astaafu, asianze na denge. Za pembeni zikinyolewa hadi ngozini, zitahitaji mwaka mzima kufikia sentimita 12 hivi, ilhali za utosini zimekwisha tangulia. Na anyoe zote ziwe sawa, kisha amwambie kinyozi apunguze za kisogoni tu. Vyombo navyo visafishwe kwa dawa, kwani mapunye huambukizwa kwa mashine na vitana.

Hatari kubwa humngojea yule aliyekwisha kupata urefu. Kuzivuta nywele nyuma kwa nguvu kila alfajiri, ili kofia ikae barabara, huyachosha mashina ya nywele za pajini na za panjani. Dalili za awali ni maumivu, vipele vidogo, na nywele fupi zilizokatika ukingoni. Akilegeza wakati huo, nywele hurudi. Akiendelea kwa miaka, shina hufa, kovu hushika mahali pake, na hakuna mafuta yatakayoziotesha tena.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikutana na jambo hili. Mwaka 2014 kanuni zake zilikataza mitindo kadhaa ya nywele wanayoipenda wanawake weusi, zikarekebishwa mwaka huo huo. Mwaka 2017 rasta zikaruhusiwa kwa wanawake. Na mwaka 2021 wakaruhusiwa kunyoa kabisa, au kufunga nywele mkia mmoja, madhara ya fundo lililokazwa yakiwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Nidhamu haikupungua kwa hilo.

Kwa hiyo, ndugu askari, soma kwanza kanuni za kikosi chako. Osha nywele kila juma, zikauke kabla ya kuvaa kofia ngumu, na kitambaa cha ndani ya kofia kifuliwe pia. Wahenga walinena: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Aonaye mapanja ya wenziwe yamekwisha kuwa wazi angali na muda wa kulegeza fundo lake.