Oman na Zanzibar: faili moja isisafiri mara mbili

Jamaa nyingi za Ibra, Sur na Nizwa nchini Oman zina ndugu Zanzibar, na siku hizi habari za harusi na misiba huwafikia kwa njia ya mtandao. Anayefungua akiwa Unguja tovuti iliyomo kwenye seva ya Oman hulazimika kungoja. Sehemu ya kungoja huko inaweza kuepukwa.

Katika kila ukurasa mna maandishi yanayobadilika, na faili zisizobadilika mara kwa mara, kama vile nembo na picha. Kivinjari kinaweza kuziweka faili hizo ndani ya kompyuta au simu, ili zisipakuliwe upya. Lakini ni seva inayopaswa kukiambia zidumu kwa muda gani. Isiposema, kivinjari hukisia.

Agizo linalotumwa pamoja na faili ni Cache-Control: max-age, likifuatiwa na idadi ya sekunde: 86400 kwa siku moja, 31536000 kwa mwaka mzima. Kwa wanaotumia seva ya Apache, moduli ya mod_expires hufanya kazi hiyo kwa kila aina ya faili.

Hata hivyo, hapa pana hatari. Tuseme kadi ya mwaliko wa harusi imewekwa kama picha kwa muda wa mwaka, kisha siku ya harusi ikasogezwa. Msimamizi akiweka picha mpya kwa jina lile lile, mgeni aliyekwisha kuitazama ataendelea kuona tarehe ya zamani, na huenda akakata tiketi ya ndege kwa tarehe hiyo.

Dawa yake ni kuipa picha mpya jina jipya, mfano mwaliko-2.jpg. Ukurasa wenyewe upewe agizo la no-cache. Agizo hilo halikatazi kuhifadhi, bali hukiamuru kivinjari kiulize kwanza. Ikiwa ukurasa haujabadilika, seva inaweza kujibu kwa namba 304, bila ya kuutuma tena.

Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Katika siku kama hizo, picha iliyokwisha kufika haina haja ya kuvuka bahari tena, na njia nyembamba iliyobaki hupitisha habari mpya.