Nyeusi Ghali ya Deraya

Katika Guild Wars 2, mchezo wa mtandaoni uliotengenezwa na kampuni ya Kimarekani ya ArenaNet na kutolewa mwaka 2012, deraya, yaani vazi la vita linalomkinga mhusika, huundwa kwa vipande sita kuanzia chapeo hadi viatu, na kila kipande huwa na sehemu zisizozidi nne, kila moja ikipokea rangi yake. Rangi ikishafunguliwa hutumika bila kikomo, na tangu mwaka 2014 hutumika kwa wahusika wote wa akaunti moja, tofauti na mchezo wa kwanza wa mwaka 2005, ambamo kichupa cha rangi kilikwisha mara kilipotumika. Kwa kuwa kukosea hakugharimu kitu, mtu angetarajia wachezaji wawe wajasiri. Hata hivyo wengi hukimbilia nyeusi.

Jina la rangi katika mchezo huu halitaji rangi moja. Uso wa deraya huchorwa ukiwa tayari na mwanga na vivuli vyake, na kila rangi ni maagizo yanayoieleza kompyuta igeuze vipi aina ya rangi ya uso huo, wangavu wake na ukolevu wake, yaani kiasi ambacho rangi imejitenga na kijivu. Maagizo hayo huandikwa mara tatu, kwa kitambaa, kwa ngozi na kwa metali. Ndiyo maana nyekundu iliyotulia kwenye joho huweza kumeremeta kwenye bamba la kifuani, na anayetaka vipande viwili vifanane hulazimika pengine kuvitia rangi mbili zenye majina tofauti.

Nyeusi iitwayo Abyss ni adimu, huuzwa kwa dhahabu nyingi katika soko la mchezo, na ni nyeusi kwelikweli. Lakini weusi huo humeza vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha mikunjo ya nguo, misumari ya bamba na nakshi za ukingoni. Deraya iliyotiwa Abyss kila mahali, ikitazamwa ndani ya pango, hubaki umbo tupu, na jasho la msanii aliyeichora limekwenda bure. (Bei, kwa kweli, hupima uhaba wa kitu, si uzuri wake.)

Rangi huathiriwa pia na zile zilizo kando yake, na tatizo hili la ujirani ni la zamani kuliko kompyuta. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyepewa mwaka 1824 usimamizi wa utiaji rangi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilionekana hafifu, akagundua kwamba rangi yenyewe haikuwa na kasoro, bali ilififishwa na buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kwa hiyo ni afadhali kuanza na sehemu iliyo pana zaidi, kuipa rangi ya wastani inayoacha mikunjo ionekane, kisha kuiachia rangi kali sehemu nyembamba inayoizunguka, kama pindo linavyouzunguka mji wa kanga.

Mwili wa mhusika nao ni jirani. Manyoya ya Charr, viumbe wenye sura ya wanyama wala nyama, huchomoza shingoni na mikononi, kwa hiyo kahawia iliyopendeza juu ya ngozi ya binadamu huweza kupotelea humo. Sylvari, watu wa asili ya mimea, huwa na mng'ao mwilini ambao mchana hauonekani sana, na jua la mchezo likizama, deraya iliyochaguliwa adhuhuri hujikuta kando ya rangi ambayo mchezaji hakuihesabu.